Wastani wa umri sio tarehe yako ya kufa jamani

Wiki hii tu nimelisikia mara tatu hapa kliniki, Kirumba Mwanza, neno la "wastani wa umri nimeshaufikisha, dawa za nini". La mwisho ni mzee wa miaka 63, alikuwa mvuvi, presha 170 kwa 100, dawa kaacha mwezi mzima. Namuuliza kwa nini, ananijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, redioni wamesema Mtanzania anaishi miaka sitini na kitu, sasa hela ya dawa ya nini, si bora nimnunulie mjukuu madaftari."

Nimechoka. Ile namba inahesabiwa kuanzia siku ya kuzaliwa na imebeba watu wote, hadi vichanga vilivyofariki hata havijafikisha mwaka. Chukua watoto wawili, mmoja malaria imemchukua akiwa na mwaka 1, mwenzie kafika 79, jumlisha gawa kwa mbili unapata 40. Haya nionyeshe nani kafa na 40 hapo. Wewe uliyefika 63 ushapita malaria za utotoni, ushapita dhoruba za ziwani, kwa hiyo hesabu yako inaanzia hapo ulipo na kwa wastani mtu wa umri wako bado ana miaka kumi na kitu mbele, wengine inafika ishirini na zaidi. Maisha marefu ni ya mtu, wastani ni wa kundi, msivichanganye. Ila ukiacha dawa kiharusi kikakulaza, hapo utakuwa umeisaidia redio mwenyewe.

Halafu kuna wa "bibi yangu kafa na 130". Aliyeishi zaidi kwa kumbukumbu zilizothibitishwa ni Jeanne Calment wa Ufaransa, miaka 122, kafariki 1997. Bibi zetu hawana cheti, wamezaliwa "wakati wa Mjerumani", na sisi kwenye msiba tunaongezea ya heshima.

Eti mafuta ya sangara ndo yaliwapa wazee wa zamani umri? Sangara kaletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, kajaa miaka ya 80. Hao wazee wamekula furu, ngege na dagaa.

Na wanaosema "ukoo wetu hatufi mapema" huku pakiti ya sigara iko mfukoni, hao siwajibu.

Mnaokuja Jumatatu njooni na kadi ya kliniki na vidonge vyenyewe, sio picha ya kidonge kwenye simu ya mjukuu, siioni.