Je, wajua? Mofini huzima maumivu mgongoni, kabla hayajafika kichwani

Mama anayejifungua kwa upasuaji huweza kuchanganyiwa mofini, dawa kali ya maumivu, kwenye sindano ya ganzi ya mgongoni. Kiasi chake ni kama miligramu 0.1, wakati sindano ya msulini kwa mtu mzima huwa na miligramu 10 hivi. Ganzi huisha baada ya saa chache. Miguu inarudi, mama ananyonyesha, anausikia mguso wa shuka tumboni, lakini mshono haumsumbui sana, pengine hadi kesho yake. Inawezekanaje?

Kwa miaka mingi niliamini mofini hufanya kazi kichwani tu: inalevya akili, maumivu yapo palepale ila mtu hayajali. Wengi bado wanaamini hivyo, na wengine hudhani dawa hukifuata kidonda chenyewe. Ila ingekuwa ni kulevya tu, miligramu 0.1 ingefaa nini? Na mama yule yuko macho, anazungumza na wageni. Mwaka 1976, Tony Yaksh na Thomas Rudy walipitisha mrija mwembamba hadi kwenye uti wa mgongo wa panya, wakatia mofini hapo hapo. Panya walitembea kama kawaida, ila joto kali halikuwashtua upesi. Walipopewa naloksoni, dawa inayoiondoa mofini kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli inakojishikiza, utulivu ule ulikwisha. Mwaka 1979 zikachapishwa taarifa za wagonjwa wa saratani waliopata nafuu kwa njia hiyo.

Siri iko kwenye mwanya. Neva inayoleta habari ya maumivu huishia ndani ya uti wa mgongo, upande wa nyuma, na nyingine huanzia hapo. Ni kama Magogoni na Kigamboni, kingo mbili za maji jijini Dar es Salaam: abiria amefika ufukweni, lakini havuki bila kivuko. Vivuko ni kemikali kama glutamati, zinazomwagwa na neva ya kwanza. Vipokezi vya mofini vipo kingo zote mbili. Upande wa Magogoni, mofini hufunga milango ya kalsiamu, na bila kalsiamu kivuko hakiondoki. Upande wa Kigamboni hufungua milango ya potasiamu. Chaji ya seli inashuka, na hata kivuko kinachofika hakiiamshi kirahisi. Habari za mguso ni kama watu waliopita Daraja la Nyerere, linalovuka maji hayo bila kivuko: nyingi hupanda moja kwa moja hadi juu, na neva zake nene zina vipokezi hivi vichache mno.

Hata hivyo ubongo haukai kando. Mofini iliyomo kwenye damu hufika kote kuwili, na ubongo wa kati nao hushusha amri za kutuliza hadi hapo hapo kivukoni. Sindano hii pia huwawasha wengi usoni; majaribio ya panya yanaelekeza kidole kwenye seli za mgongoni, ila kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba.

Mofini haiyeyuki vizuri kwenye mafuta, hivyo hukaa muda mrefu katika maji yanayozunguka uti wa mgongo. Ndiyo maana inadumu. Ndiyo maana pia, saa kadhaa baadaye, sehemu yake huweza kupanda hadi kwenye shina la ubongo linaloendesha upumuaji. Basi usiku ule nesi hurudi kitandani kila mara, anatazama kifua, anahesabu pumzi kwa dakika nzima.