Mradi wa sayansi kuhusu maradhi ya moyo: anza na bakuli la papa mkavu

Kila maonesho ya sayansi ya skuli yanapokaribia, wanafunzi huja kitengoni kwetu na kauli moja: "Tunataka kufanya mradi wa moyo." Nikiwauliza wanataka kujua nini kuhusu huo moyo, hutazamana. Wengi huwa wameshafinyanga moyo wa udongo, wakaupaka nyekundu na buluu, na wakanakili majina ya mishipa kutoka kitabu cha baiolojia. Kazi ya mikono ni nzuri na siidharau. Ila jaji akiwauliza wamegundua nini, humsomea bango.

Maradhi ya moyo ni mengi ndani ya jina moja. Iko presha inayouchosha moyo miaka na miaka, iko mishipa inayoziba kwa mafuta, ziko valvu, yaani vilango vya moyo vinavyopitisha damu upande mmoja, zilizoharibika, wako watoto wanaozaliwa na tundu moyoni. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 duniani. Mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kuyabeba yote hayo. Anaweza kubeba swali moja linaloenea ndani ya bakuli.

Bakuli lenyewe nalijua. Nyumba nyingi Unguja na Pemba, papa mkavu huroweshwa kabla ya kuungwa kwa nazi. Mama akiulizwa kwa nini, husema ni kupunguza chumvi. Je, inapungua kiasi gani? Hapo pana mradi kamili, na unahusu moyo moja kwa moja. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi huufanya mwili uzuie maji. Maji hayo huongeza ujazo wa damu kwenye mishipa, na presha hupanda. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima.

Nunua kipande kimoja kikubwa cha papa, usichanganye samaki wawili, kwani kila mmoja hutiwa chumvi kwa kadiri yake. Kata vipande vinne vya gramu 50. Kimoja kirowe nusu saa, cha pili saa moja, cha tatu saa mbili, kila kimoja ndani ya mililita 500 za maji. Cha nne pia saa mbili, lakini ubadilishe maji kila nusu saa na uyaweke yote unayoyamwaga. Kisha koroga, chota mililita 50 za kila maji, uyakaushe kwa moto mdogo kwenye kibakuli ulichokipima kikiwa kitupu. Moto ukiwa mkali chumvi huruka mwishoni na hesabu yako yote huharibika. Kibakuli kikipoa, kipime tena.

Sasa jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau: kausha pia mililita 50 za maji matupu, yale yale uliyoroweka nayo. Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi yake, na usipoitoa kwenye hesabu utamsingizia papa. Na kinachobaki kwenye kibakuli usikiite chumvi tupu, kwani mna na vitu vya samaki vilivyoyeyuka. Ukitaka kuipima chumvi peke yake, mwombe mwalimu wa kemia akusimamie kutumia nitrati ya fedha. Rudia jaribio lote mara tatu. Ubashiri wako uandike kwenye daftari kabla hujagusa maji, na ukitoka kinyume, uache hivyo hivyo.

Wanaotaka kupima watu nawaomba wanisikilize kwa makini. Katika maonesho fulani nilimkuta kijana akimpima presha mzee aliyetoka juani wakati huo huo. Mkanda ameufunga juu ya mkono wa kanzu, na mzee anazungumza. Namba zilipopanda, kijana akatangaza kwa sauti: "Babu, una presha!" Mzee alinyamaza, uso ukambadilika. Nikamwomba radhi, nikamkalisha kivulini, akapumzika dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, hasemi kitu. Tulipompima tena alikuwa chini ya 140/90, yaani chini ya kiwango ambacho presha huhesabiwa kuwa juu. Mtu haambiwi ana presha kwa kipimo kimoja, na mwenye kumwambia ni daktari au muuguzi. Kwa hiyo pata kwanza ridhaa ya mtu mwenyewe, na ya mzazi akiwa ni mtoto. Tumia namba badala ya majina. Na ukikuta kipimo cha juu, mwambie faraghani aende kituo cha afya. Mwalimu awe amesoma mpango wako kabla hujampima mtu wa kwanza.

Wako wanaodhani maradhi haya ni ya wazee. Yapo yanayoanzia kooni mwa mtoto. Kidonda cha koo cha bakteria wa streptokoka kisipotibiwa, kinaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huweza kuharibu valvu za moyo. Walio hatarini zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani wenzenu mnaokaa nao darasani. Dodoso fupi lisilo na majina, likiuliza wenzako hufanya nini koo linapouma na kuwa na homa, litakupa data ambayo hata sisi kitengoni tungependa kuiona.

Na kwa wenye mikono inayopenda kuchunguza, Idi kubwa ni fursa. Ongea na wachinjaji mapema wakuwekee mioyo ya mbuzi sita au saba, uitie kwenye barafu, uvae glavu. Pasua kila moyo kwa kukata vyumba vyote viwili vya chini, cha kulia na cha kushoto, uvipime unene wa kuta zake kwa rula. Ukuta wa kushoto ni mnene zaidi, kwani upande huo husukuma damu mwili mzima, wa kulia huipeleka mapafuni tu. Lakini ni mnene mara ngapi? Na je, uwiano huo ni mmoja kwa mbuzi mkubwa na mdogo? Hayo hayamo kwenye bango la mtu yeyote. Uzito wa kila moyo uuandike kabla ya kuukata, maana ukishakatwa damu iliyoganda ndani hutoka na uzito hubadilika.