Umeongeza kolamu, programu imegoma

Msimu wa parachichi ukikolea Rungwe, kituo cha kukusanyia mzigo hakina muda wa kuusubiri mfumo. Karani anapima kreti, anaingiza kilo, mkulima anachukua risiti yake na kuondoka. Mimi hutunza kanzidata ya vituo vya namna hiyo nikiwa Mbeya mjini, na kosa ninalolieleza hapa huja baada ya kazi ndogo na halali kabisa: kuongeza kolamu.

Mnunuzi alitaka daraja la tunda liandikwe wakati wa kupokea. Amri ya ALTER TABLE kwenye jedwali la mapokezi ikaisha kufumba na kufumbua. Kisha simu zikaanza. Karani wa Tukuyu anapata kosa, wa Kiwira hana shida, na yule wa Tukuyu akirudia, inakubali. Kwenye kumbukumbu za seva umekaa mstari huu: cached plan must not change result type, yaani mpango uliohifadhiwa haupaswi kubadilisha aina ya jibu.

Wengi wakiusoma husema PostgreSQL, programu inayoendesha kanzidata yetu, imeng'ang'ania mpango wa zamani, yaani njia iliyoichagua awali ya kutafuta jibu la swali. Sivyo. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, jedwali likibadilishwa muundo, PostgreSQL huibatilisha mipango inayoligusa na kupanga upya yenyewe. Kinacholeta ugomvi ni umbo la jibu. Programu inapoandaa swali mapema ili ilitumie tena na tena, seva huiahidi jibu litakuwa na kolamu zipi na za aina gani. Kama swali ni SELECT *, ambapo nyota maana yake ni kolamu zote, na jedwali lilikuwa na kolamu sita, ahadi ni sita. Sasa ziko saba, seva inakataa. Naiunga mkono kabisa katika hilo: afadhali karani aone kosa kuliko programu isome namba ya mkulima mahali pa kilo, halafu mtu alipwe pungufu ya jasho lake.

Mbona Kiwira walipona? Programu huwa na miunganisho kadhaa na seva, na swali lililoandaliwa hukaa ndani ya muunganisho mmoja tu, halishirikiwi. Dereva ya Java, yaani kiungo kati ya programu ya Java na PostgreSQL, usipoibadilisha mipangilio yake, huanza kuliandaa swali upande wa seva likitumika mara ya tano. Karani aliyeangukia muunganisho mpya hakuwa na ahadi ya zamani. Tena dereva hiyo ikikutana na kosa hili hulitupa swali la zamani na kuliandaa upya, ndiyo maana makosa hupungua yenyewe na watu wakadhani mtandao ndio ulikuwa unasumbua. Ila ndani ya muamala, yaani kundi la amri zinazokubaliwa au kukataliwa zote pamoja, kwa kawaida huwezi kurudia amri moja peke yake. Muamala mzima umeshaharibika, lazima uubatilishe na kuanza mwanzo. Upokeaji wa mzigo ni muamala: kilo, risiti na deni la mkulima huandikwa pamoja.

Kuwasha programu upya husaidia, kwa sababu miunganisho yote inafungwa. Lakini kufanya hivyo saa nne asubuhi, foleni ya Canter na bodaboda ikiwa imefika barabarani, ni kuwaumiza watu bila sababu. Kuendesha DEALLOCATE ALL ukiwa mezani kwako hakusaidii, maana inafuta maswali ya muunganisho wako tu. DISCARD PLANS nayo haitoshi: inatupa mipango, swali na ahadi yake vinabaki.

Dawa ni kutaja kolamu kwa majina. Swali linaloomba mkulima, kilo na tarehe halitikisiki hata ukiongeza kolamu kumi. Kati ya zana za kuundia programu zinazokuandikia maswali, Django na Hibernate hutaja majina zenyewe. Rails kwa kawaida huandika nyota, basi huko uwe macho. Na miamala yote ya mapokezi iandikwe iweze kurudiwa mzima mzima ikishindwa.

Kubadilisha aina ya kolamu ni habari nyingine. Hapo majina hayakukingi: hata kutoka varchar(20) kwenda varchar(50) umbo la jibu limebadilika. Kwenye mfumo ulio kazini mimi huongeza kolamu mpya, programu ikaandika kote kuwili kwa muda, kisha usomaji ukahamia huko. Ukilazimika kubadilisha papo hapo, fanya usiku vituo vikiwa vimefungwa, kisha endesha ANALYZE, amri inayokusanya takwimu upya, kwa sababu takwimu za kolamu hiyo hufutwa na mpangaji, sehemu ya PostgreSQL inayopanga njia ya swali, hubaki akikisia.

Kagua pia mionekano (view), yaani maswali yaliyohifadhiwa kwa jina na kusomwa kama jedwali. Iliyotengenezwa kwa nyota ilipanuliwa kuwa majina siku ile ile ilipoundwa, kwa hiyo kolamu mpya haitaonekana humo, na hakuna kosa lolote litakalotokea kukushtua. Ripoti ya mnunuzi itatoka bila daraja mpaka uongeze kolamu hiyo kwa CREATE OR REPLACE VIEW, ukiiweka mwishoni mwa orodha, kwani PostgreSQL haikubali kuichomeka katikati.