Chokaa si majivu ya mawe

Nafundisha kemia huku Mtwara, na kila mwaka wanafunzi huniambia kwa uhakika kwamba chokaa ni majivu ya mawe. Majivu ni masalio ya kitu kilichoungua, kama kuni. Jiwe la matumbawe, ambalo huchomwa tanuruni kupata chokaa, haliungui. Karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na joto la tanuru likifika kama nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe huachana nalo na kupaa. Kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 tu za chokaa. Zile 44 zimekwenda na upepo. Ndiyo maana jiwe lililoiva ni jepesi mkononi.

(Tena hakuna haja ya kung'oa matumbawe hai, ambayo ndiyo nyumba ya samaki wetu. Jiwe la matumbawe la nchi kavu lina kemikali ileile.)

Dhana nyingine: chokaa mpya hutokota ikimwagiwa maji kwa sababu bado ina moto wa tanuru. Iache wiki nzima ipoe kabisa, kisha imwagie maji: itatokota vilevile. Joto hilo linazaliwa pale pale, chokaa inapoungana na maji kuwa kalsiamu hidroksaidi. Basi usimwachie mtoto aichezee eti imepoa, maana machozi ya jicho yanatosha kuiamsha. Na aliyesikia darasani kwamba asidi (kama limau) na besi (kama chokaa) hubatilishana asithubutu kukamulia limau jicho lililoingiwa na chokaa. Ataliongezea madhara. Ni maji safi mengi, papo hapo, bila kukatiza kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali.

Wapo pia wanaoita kila unga mweupe chokaa. Jasi inayochimbwa Kilwa ni kalsiamu salfeti, kitu kingine kabisa.

Dhana ninayoipenda kuisahihisha kuliko zote ni hii: lipu ya chokaa hukauka tu, kama nguo juani. Maji hutoka, ndiyo, lakini ugumu wake hauletwi na kukauka. Chokaa huivuta tena hewani ile hewa ya ukaa iliyoipoteza tanuruni, taratibu, kuanzia juu kwenda ndani, kwa miezi na hata miaka ukuta ukiwa mnene, mpaka inarudi kuwa kalsiamu kaboneti. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umesimama kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa iliyokwisha kuwa jiwe upya.

Darasani tunalithibitisha kwa limau. Maji ya limau huitoa hewa ya ukaa kwenye kalsiamu kaboneti, nasi tunaiona kama povu. Chokaa iliyoiva vizuri na kuzimuliwa kwa maji leo haitoi povu ikidondoshewa limau. Kipande cha lipu kuukuu kilichobanduka chenyewe hutoa povu, sawasawa na tumbawe lililookotwa ufukweni.