Tai chi haikuletwa na mtawa wa mlimani

Hadithi inayopendwa husema tai chi, sanaa ya mapigano ya Kichina ambayo leo wazee wengi huifanya polepole bustanini, ilibuniwa na Zhang Sanfeng, mtawa wa Kitao (dini ya jadi ya China) wa mlima Wudang, baada ya kumtazama nyoka akipigana na ndege. Tamu, ila ushahidi hauiungi mkono. Maandishi ya mwaka 1669 yanayomtaja kama mwanzilishi wa mtindo fulani wa ngumi hayaitaji tai chi kabisa.

Njia inayofuatilika inaanzia Chenjiagou, kijiji cha ukoo wa Chen mkoani Henan, China. Huko ndiko Yang Luchan, aliyezaliwa 1799, alikojifunza kwa Chen Changxing, kisha akaenda Beijing kufundisha walinzi wa kifalme. Walinzi, si wazee wa bustanini! Mjukuu wake, Yang Chengfu, ndiye aliyeilainisha: akapunguza miruko na mapigo ya ghafla, ikabaki mienendo mipana, ya polepole.