Uvimbe wa kichwa na shingo: anza na picha isiyo na kontrasti

Fomu ya MRI (picha ya sumaku) iliyoandikwa "shingo, na kontrasti" tu, yaani pamoja na dawa ya sindano inayong'arisha picha, haimsaidii anayesoma picha. Mgonjwa wa Lamu huvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha hupanda basi hadi Mombasa. Akifika bila kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, huenda safari yote ikawa bure. Damu ipimwe Lamu kabla ya safari. Fomu itaje upande wenye uvimbe, ganzi ya uso ilipo, na kama anatafuna tambuu, kwa kuwa popoo, hata bila tumbaku, husababisha saratani ya kinywa. Ikiwezekana, picha itangulie kukatwa kinyama cha maabara, kwani kidonda kibichi nacho hung'aa.

Kabla ya kulala mezani atoe hereni, kipini, pini za mtandio na meno ya bandia yanayotoka. Wanja pia ufutwe: ukiwa na madini ya chuma huharibu picha karibu na macho, na saratani ya sainasi (uwazi wa hewa ndani ya mifupa ya uso) hupenda kupenya huko. Mwambie apumue taratibu na ameze mate mashine inaponyamaza, si inapogonga. Zoloto iliyotikisika haisomeki.

Dozi ya gadolinia, ndiyo kontrasti yenyewe, ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Chupa nyingi zina nguvu ya milimoli 0.5 kwa mililita, kwa hiyo mtu wa kilo 60 hupewa mililita 12. Gadobutroli, aina mojawapo ya gadolinia, ina nguvu ya 1.0, naye atapewa mililita 6 tu. Soma chupa, ukimpa gadobutroli kwa hesabu ya chupa za 0.5 umempa dozi maradufu. Kasi ya figo kuchuja damu (eGFR) ikiwa chini ya 30, dawa za zamani za muundo wa mnyororo ziepukwe, maana ndizo zilizohusishwa zaidi na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo.

Sasa kuhusu picha zenyewe. Kontrasti haionyeshi saratani. Inaonyesha mahali damu inapofika kwa wingi na dawa kuvuja nje ya mishipa, na utando wa pua na tezi za mate hung'aa hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Ndiyo maana mimi huanza na T1 ya kabla ya dawa, aina ya picha ya MRI ambamo mafuta huachwa meupe. Uvimbe huonekana wa kijivu ndani ya weupe huo. Uboho wa mfupa ulio nyuma ya koo la pua ukiwa mweusi, au kijishimo cha mafuta kilicho nyuma ya sainasi ya shavu kikiwa kimejaa kijivu, shuku kwamba saratani imeingia mfupani au inatambaa kwenye neva. Shavu likiwa na ganzi, fuata forameni rotundamu, tundu la fuvu linalopitisha neva ya shavu. Ganzi ikiwa kidevuni, fuata forameni ovale, tundu la neva ya taya la chini, na taya lenyewe. Baada ya dawa, T1 yenye mafuta yaliyozimwa (yaliyofanywa meusi) ithibitishe: neva imenenepa na inang'aa?

Hapa ndipo meno ya chuma yanapoleta balaa. Mafuta hayazimiki sawasawa, na weupe unaobaki hufanana na ugonjwa. Njia ya Dixon, inayotenganisha mafuta na maji, huvumilia zaidi. Lakini usitumie STIR, mbinu nyingine ya kuzima mafuta, baada ya dawa: huzima chochote chenye muda wa T1 mfupi kama wa mafuta, pamoja na uvimbe uliokunywa gadolinia. STIR ni ya kabla ya sindano.

Ndani ya sainasi kontrasti inalipa gharama yake: makamasi yaliyoziba hung'aa ukingoni tu, uvimbe hung'aa wote. Kwa tezi za shingo ukubwa hudanganya. Nyuma ya koo milimita 5 tayari ni shaka, chini ya pembe ya taya hata 15 huweza kuwa maambukizi tu, ila tezi yenye kitovu kisichong'aa, kwa mtu mwenye saratani inayojulikana, ni mbaya hata ikiwa ndogo.

Baada ya mionzi, ngoja kama wiki 12. Ukipiga mapema, uvimbe wa mionzi hung'aa kila mahali na huwezi kuutenga na mabaki ya ugonjwa.