LC_CTYPE: kompyuta inajuaje kwamba hii ni herufi?

Andika neno ng'ombe kwenye kompyuta, kisha iambie ikutolee kila neno lililoundwa kwa herufi tupu. Itakurudishia mawili: ng na ombe. Kompyuta haijakosea. Imefuata jedwali linaloitwa LC_CTYPE, na humo ile ritifaa (') ya kibodi imeandikishwa kuwa alama ya uakifishi, si herufi.

LC_CTYPE ni sehemu moja ya mipangilio ya lugha na mahali, ambayo kwenye mifumo ya kompyuta ya Unix na Linux huitwa lokali. Lokali ina sehemu kadhaa, kila moja na kazi yake: LC_TIME huamua tarehe iandikwe vipi, LC_MONETARY hushughulikia fedha, LC_COLLATE hupanga maneno kwa utaratibu, na LC_MESSAGES huchagua lugha ambayo programu itakusemesha. LC_CTYPE iko chini ya zote hizo, maana yenyewe hujibu maswali mawili ya mwanzo kabisa. Baiti ngapi, yaani vijisehemu vya data ambavyo kila kimoja hubeba namba moja, zinafanya herufi moja? Na herufi hiyo ni ya aina gani? Wengi hudhani kwamba ukiweka LC_CTYPE ya Kiswahili, basi kompyuta itaanza kuongea Kiswahili. La. Unaweza kuiweka sw_KE.UTF-8, yaani Kiswahili cha Kenya, na programu zikaendelea kukupa maelezo kwa Kiingereza, kwa sababu hilo si shauri lake.

Swali la baiti ndilo la usimbaji. Ndani ya faili hakuna herufi, kuna namba tu, na usimbaji ni mapatano ya namba ipi isimame badala ya herufi ipi. Mapatano ya ASCII, yaliyotolewa Marekani mwaka 1963, yana nafasi 128 pekee: herufi za Kiingereza kubwa na ndogo, tarakimu, alama chache na amri za mashine. Kiswahili sanifu kinaenea humo bila shida, na nadhani ndiyo maana wengi wetu tumefanya kazi miaka mingi bila kulijali jambo hili. Lakini jirani zetu hawaenei. Kikuyu kina ĩ na ũ, na ASCII haina nafasi ya hata moja kati yao. Kiswahili chenyewe kikiandikwa kwa hati za Kiarabu, kama kilivyoandikwa kwa karne nyingi Lamu na Mombasa, nacho kinabaki nje.

Jibu linalotumika sasa karibu kila mahali ni UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Humo herufi moja huchukua kuanzia baiti 1 hadi 4. Zile za ASCII zimebaki na baiti moja kama zamani. Ĩ na ũ huchukua mbili mbili. Ukitaka kuliona kwa macho, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) iliyowekwa UTF-8 na uandike amri hizi mbili za kuhesabu herufi:

printf 'Gĩkũyũ' | wc -m
printf 'Gĩkũyũ' | LC_ALL=C wc -m

Amri ya kwanza inajibu 6, ya pili inajibu 9. Neno ni lilelile na baiti ni zilezile. LC_ALL hubadilisha sehemu zote za lokali kwa mpigo, ila kwa hesabu hii inayohusika ni LC_CTYPE tu: katika lokali iitwayo C, ambayo ndiyo kompyuta huiangukia isipoelekezwa vingine, kila baiti inahesabiwa kuwa herufi. Kosa la aina hiyo ndilo linalozaa maandishi kama GÄ©kÅ©yÅ©, au ngâ€™ombe pale mtu anapotumia ritifaa iliyopinda (’), ambayo ni baiti tatu, na programu inayoisoma ikaifasiri kwa mapatano ya zamani ya Windows.

Baada ya kujua herufi inaanzia wapi na inaishia wapi, linakuja swali la aina. Kiwango cha POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, kinataja makundi 12, yakiwemo alpha (herufi), upper (kubwa), lower (ndogo), digit (tarakimu), punct (alama za uakifishi) na space (nafasi). Herufi moja huweza kuwa katika makundi kadhaa: A ni alpha, ni upper, tena ni xdigit, kwa kuwa hutumika kuandikia namba za msingi wa 16. Herufi za Kiarabu ni alpha, ila si upper wala lower, kwani hati hiyo haina kubwa na ndogo. Jedwali hilohilo ndilo linaloeleza kila herufi ndogo ina kubwa gani. Lokali nyingi huazima jedwali la pamoja, lakini Kituruki kina lake kuhusu herufi i: kubwa yake ni İ yenye nukta, na I isiyo na nukta ni kubwa ya ı.

Mimi somo hili nililipata usiku. Niliandika programu fupi ya kugeuza majina ya wahitimu yawe kwa herufi kubwa kabla ya vyeti kuchapishwa. Niliijaribu mwenyewe mchana, majina yakatoka safi. Nikaipangia cron, programu inayoendesha kazi kwa saa iliyopangwa, iiendeshe usiku. Asubuhi nikakuta vyeti vimeandikwa MũTHONI na WANGARĩ. Programu sikuigusa hata mstari mmoja. Ila cron huanzisha kazi zake bila mipangilio ya terminali yangu, kwa hiyo ilikuwa katika lokali ya C, na humo ũ si herufi ya kukuzwa, ni baiti mbili zisizojulikana. Jina la mtu kwenye cheti chake si jambo la kupuuza. Tulivichapisha vyote upya.

Dawa yake ni mstari mmoja juu ya programu, wa kutaja lokali waziwazi. Kumbuka tu ngazi zake: LC_ALL ikiwekwa inafunika zote, isipokuwepo, LC_CTYPE inasikilizwa, nayo isipokuwepo, inatazamwa LANG. Amri ya locale peke yake itakuonyesha ipi inatawala, na locale -a itakuorodheshea zilizomo kwenye mashine. Anayeingia kwenye seva ya Linux kutoka Mac aangalie hasa, kwani terminali ya Mac huweza kutuma LC_CTYPE=UTF-8, jina ambalo kwa kawaida Linux hailitambui, na hapo maonyo huanza kumiminika.

Ila hata ukiweka sw_TZ.UTF-8, ng'ombe ataendelea kukatwa vipande viwili. Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ina ritifaa nyingine inayohesabiwa kuwa herufi, yenye namba U+02BC, lakini nani anaiandika? Kwenye kibodi za kawaida haipo. Kwa hiyo ninapohesabu maneno ya Kiswahili siachi kazi yote kwa alpha. Naandika [[:alpha:]'’]+, yaani mfululizo wa herufi za alpha, nikiruhusu pia ritifaa iliyonyooka na iliyopinda, na ng'ombe, ng'ambo na king'ora wanatoka wazima.